Mwaka wa Viti vya Pweza

Shangazi Zaliha alizikwa Ijumaa, nami nikafika kisiwani Nosy Be Jumapili, hitima ikiwa imekwisha kusomwa na masufuria yamekwisha kuoshwa. Walinikalisha katika chumba chake cha mbele, kwenye mkeka mpya. Mke wa mjukuu wake akanimiminia chai na kuniuliza kwa Kimalagasi, "Bibi, ni kweli uliwahi kuishi humu ukiitwa Soa?" Wenzake wakacheka, kwa kuwa wao wananijua kwa jina langu, Mariamu, mwalimu mstaafu wa Unguja anayekuja kila baada ya miaka kadhaa na mzigo wa kanga. Nikacheka nao. Lakini nilikiweka kikombe chini bila kunywa, ingawa mimi sasa ni mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, na jambo lenyewe lilikuwa la miaka yangu kumi na sita.

Chumba hakijabadilika sana. Kabati la vioo liko palepale, na dirisha la vibao bado linatazama njia ya sokoni. Mwaka wa sabini na saba nililala chini ya dirisha hilo, na Shangazi alinikataza kufungua vibao zaidi ya upana wa kidole. Kwa upana huo niliona miguu ya wapita njia, matairi ya baiskeli, mikia ya samaki ikining'inia kwenye vikapu. Nyuso sikuziona, na sikutaka kuziona. Mtu akisimama mbele ya mlango nilihesabu pumzi zangu mpaka aondoke, na akibisha hodi nilikuwa nimeshafika uani, nyuma ya pipa la maji, kabla Shangazi hajasema "Karibu." Watoto waliocheka juzi hawajui kwamba nyumba inaweza kukaliwa hivyo, kwa masikio.

Ukoo wetu nitauacha. Yatosha kusema tulikuwa Waislamu wa asili ya kisiwa cha Ngazidja, tuliozaliwa Mahajanga, bandari ya Wamalagasi, mtaa wa Tanambao, na hatukujua kwetu kwingine. Mwisho wa mwaka uliotangulia, ugomvi wa majirani ambao kila mtu huusimulia kwa namna yake ukageuka kuwa mauaji, na watu wetu wakawa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Mimi, Mama na ndugu zangu wawili wadogo tulijificha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Ubao mmoja wa mlango wa stoo ulikuwa umepasuka, na kwa ufa ule niliona hadi barazani. Nikamwona Jaovelo. Alikuwa mvuta posiposi, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu, na kwa miaka mingi ndiye aliyemrudisha Mama kutoka sokoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika ncha. Alisimama barazani kwetu ameshika rungu, nyuma yake kundi la watu. Mtu akamuuliza kitu. Akajibu. Kelele zilikuwa nyingi, sikusikia neno hata moja. Kisha wote wakageuka, wakaingia nyumba ya pili, ya Bi Echati, mjane aliyenifundisha alif na be. Nilichosikia kutoka huko sitakiandika. Bi Echati alikufa siku ile.

Baada ya hapo walionusurika walikusanywa ili wapelekwe Ngazidja. Mama na wadogo zangu walipakiwa melini. Mimi nilikuwa na homa kali, na bandarini Mama alinikabidhi kwa mwanamke wa Kisakalava, kabila la wenyeji wa pwani ile, aliyekuwa rafiki wa Shangazi, akiogopa nitafia njiani. Ndivyo nilivyofika Nosy Be. Shangazi alinisuka nywele kwa mtindo wa wasichana wa pale, akanifunga leso ya Kisakalava, akaniambia, "Kuanzia leo wewe ni Soa, umetoka Ambanja, ng'ambo bara, mama yako ameolewa upya. Lugha yetu utaiacha mlangoni."

Nilijitahidi. Lakini lugha hutoka yenyewe. Siku moja dukani aliingia bibi kizee mwenye shiromani, lile shuka la wanawake wa kwetu, kichwani, nami nikajikuta nainama na kumwambia "Kwezi," maamkizi yetu ya kumheshimu mkubwa. Yeye akajibu "Mbona," kama inavyopasa, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Tukatazamana. Mwenye duka aliendelea kupima sukari. Nilikimbia hadi nyumbani bila sukari, na kwa siku tatu nilikataa kutoka.

Shangazi alikuwa akipika mokary, vile vikate vya mchele na tui, akiviuza mlangoni asubuhi. Mimi nilikaa ndani nikivigeuza vikaangoni, na maneno ya wanunuzi yalipita ukutani pamoja na moshi.

"Wanasema ile fujo ya Mahajanga na huku itafika," mwanamume mmoja alisema.

"Nani anasema?" Hiyo ni sauti ya Shangazi, kavu kabisa.

"Watu wa melini. Wanasema bado wapo waliojificha visiwani."

"Watu wa melini husema mengi. Vitano au sita?"

"Sita. Na huyo anayepika ndani ni nani siku hizi?"

"Mtoto wa rafiki yangu wa Ambanja. Hivi hapa, vina moto, usivibane."

Nilipomwambia usiku ule kwamba sitakula, alinisukumia kibakuli cha ranovola, maji yaliyochemshwa katika sufuria yenye ukoko wa wali, akasema, "Kunywa. Hofu haikai vizuri kwenye tumbo tupu." Ilikaa vizuri tu.

Aliyenitoa chumbani alikuwa mnunuzi mmoja wa mokary, Madamu Voahangy, mwanamke wa nyanda za juu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alifanya kazi katika kituo cha kuchunguza bahari nje ya mji, na kazi yake mwaka ule ilikuwa kuorodhesha viti vya pweza, wale viumbe wa mwambani wenye umbo la nyota, vya pwani ile: viko vya aina gani, vinaishi wapi, kila aina inatambuliwaje. Tatizo lake ni kwamba aliogopa maji. Alikuwa amekulia mahali ambapo bahari ni hadithi, na hakuweza kwenda mbali zaidi ya magoti. Alimwomba Shangazi ampatie msichana anayejua kutembea mwambani. Nilidhani Shangazi atakataa. Akafikiri, akasema, "Huko maji yanapokupwa hakuna watu. Mpeleke."

Kwa hiyo nikaanza kwenda. Kila bamvua, bahari inapokupwa mbali na kuacha mwamba wazi, nilitembea na ndoo na viatu vya plastiki, Madamu akinifuata ukingoni kwa mwavuli na daftari. Mwanzoni kwangu kiti cha pweza kilikuwa kiti cha pweza, kitu cha kugeuza kwa mguu. Yeye akanifundisha kuangalia. "Hesabu mikono kwanza," alisema. "Usiseme mitano kwa sababu umezoea mitano. Hesabu." Kisha nigeuze, nitazame mfereji ulio chini ya kila mkono na vile vijiguu laini vinavyotapatapa. Nipime kutoka katikati hadi ncha ya mkono, na kutoka katikati hadi kwenye pembe kati ya mikono miwili. Nitafute kile kibao kidogo cheupe mgongoni, kama chembe ya chumvi. Na rangi niiandike palepale, kikiwa hai, maana ndani ya chupa ya spiriti rangi hufa kabla ya siku kwisha. Kipo cha buluu chenye mikono mirefu kama vidole vya glavu. Kipo cha kijivu chenye nundu nyekundu, watalii hukipenda. Kipo kinene kama mkate ulioumuka, mikono haionekani, na mara ya kwanza nilipokileta nilisema si kiti cha pweza. Madamu akakigeuza, akanionyesha mifereji mitano. "Juu kimejificha," alisema, "chini hakiwezi." Nilitazama pembeni, kwa sababu nilidhani anazungumza juu yangu. Hakuwa anazungumza juu yangu. Ndivyo nilivyokuwa, kila neno lililosemwa mbele yangu lilikuwa na kisu ndani yake.

Chumba chake kituoni kilinuka spiriti na vitabu vilivyolowa unyevu. Juu ya meza ndefu chupa zilipangwa, kila moja na kikaratasi: jina, mahali, kina, rangi. Tulikula mchana kwenye kona ya meza hiyohiyo, wali na achari ya embe, mimi nikimtazama anavyotoa mfupa wa samaki kwa kibano cha maabara. Huko nilipumua. Kwa miezi mitatu au minne mwambani sikuwa Soa wala Mariamu, nilikuwa macho na mikono, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa na majina ya Kilatini mdomoni, lugha ambayo haikumtia mtu yeyote hatarini.

Kisha mwezi wa saba nahodha wa boti la kituo, lililotupeleka kwenye miamba ya mbali, akaugua, wakaajiri mwingine. Nilifika gatini asubuhi na ndoo yangu, nikamwona mtu ameinama akifungua kamba, amenipa mgongo. Alipogeuza kichwa niliona sikio. Sikudondosha ndoo, hilo nalikumbuka kwa sababu nililistaajabia baadaye. Madamu akasema, "Soa, huyu ni Jaovelo. Zamani alikuwa baharia, amerudi kwenye kazi yake." Jaovelo akaninyooshea mkono anisaidie kupanda. Nikaushika. Ulikuwa mkavu na mgumu, mkono wa mtu aliyevuta vipini vya posiposi miaka mingi, nami nikakaa mbele, mahali ambapo angeniona kisogo tu.

Njiani, injini ikiwa polepole, akaniuliza, "Soa, kwenu wapi?"

"Ambanja."

"Ambanja ipi? Ya barabarani au ya kiwanda?"

Sikuwahi kufika Ambanja. "Ya barabarani," nikasema.

"Nina ndugu pale. Karibu na nini?"

Madamu Voahangy, ambaye alishikilia ukingo wa boti kwa mikono miwili na macho kayafumba, akasema, "Jaovelo, tafadhali, tazama mbele." Jaovelo akageukia usukani. Mimi nilihisi mkojo ukinitoka kidogo, na nikashukuru kwamba leso ilikuwa imeshalowa maji ya bahari.

Nilipomsimulia Shangazi, aliendelea kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. "Ukiacha kazi ghafla, atauliza kwa nini," alisema. "Nenda. Usiwe naye peke yako. Usimtazame sikio." Basi nikaenda, bamvua baada ya bamvua. Sikuweza kula siku ya kwenda. Mwambani niligeuka kila mara kutazama boti liko wapi, nikawa nakosea hesabu, naandika mikono mitano palipokuwa na sita, na Madamu akasahihisha kwa wino mwekundu bila kuuliza. Jaovelo hakuniuliza tena chochote. Alikaa juu ya boti akitafuna mabua ya majani na kunitazama. Kutazamwa kule bila kuulizwa kulinitisha kuliko maswali.

Mwezi wa tisa bamvua lilikuwa kubwa, maji yakaenda mbali kuliko nilivyowahi kuona, nasi tukavuka kwenda Nosy Komba, kisiwa ambacho wanawake wake hutarizi vitambaa vyeupe na kuvianika kwenye kamba mbele ya nyumba. Madamu alibaki mchangani na kipimo chake. Mimi nilikuwa mwishoni mwa mwamba, maji yakianza kurudi, nilipomsikia Jaovelo akipiga yowe moja fupi. Alikuwa ameruka majini kulisukuma boti lisigonge mwamba, miguu mitupu, akakanyaga kile ambacho Madamu alikuwa amenionyesha kitabuni tu: kiti cha pweza kikubwa kama sinia, mikono zaidi ya kumi na mitano, mgongo wote miiba, na miiba ina sumu. Alianguka kwenye maji ya kiuno akajaribu kusimama kwa mguu uleule. Madamu, mbali kule, alisimama ukingoni, maji yakimfika kwenye vifundo, akiita jina langu. Hakuwa na uwezo wa kuja.

Nataka kuandika ukweli wa dakika ile. Nilisimama. Maji yalikuwa yanapanda, na nilifikiri kwamba nikisimama tu, bila kufanya neno lolote baya, huenda jambo likaisha. Nilihesabu, kama nilivyofundishwa: moja, mbili, tatu. Nilifika tisa. Kisha nikaenda, na mpaka leo sijui kama ni huruma au ni kwamba Madamu alikuwa ananiona.

Nilimshika chini ya kwapa nikamkokota. Nilipofika kwenye kina kifupi niliukamata mguu wake niutoe mwiba uliokatikia ndani, naye akasema kwa meno yaliyobana, "Si hapo, Mariamu. Usinishike hapo."

Niliuachia mguu. Yeye mwenyewe alisikia alichosema. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, yeye kaegemea viwiko vyake, mawimbi madogo yakituzunguka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu gatini. Unafanana na mama yako unavyoshika ndoo."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nilikuogopa wewe." Akavuta pumzi, uso umekuwa wa kijivu. "Nilikuuliza mambo ya Ambanja nijue kama unanijua. Ukadanganya, nikajua unanijua."

Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu yule anaweza kuniogopa. Madamu alikuwa amekwisha kukimbilia nyumba za jirani, akarudi na mwanamke mtarizi na ndoo ya maji ya moto, kwa kuwa sumu ile hutulizwa na joto kadiri mgonjwa anavyoweza kulistahimili. Tulimburuta hadi kivulini, tukautumbukiza mguu. Mwanamke akaenda kuongeza maji, Madamu akaenda naye kutafuta kitambaa safi. Tukabaki wawili, kitu ambacho Shangazi alinikataza.

"Siku ile barazani kwetu," nikasema, "walikuuliza kitu. Ukawajibu. Uliwajibu nini?"

Alitazama ndoo. "Walitaka kuingia. Nikasema nyumba hii imeshahamwa, hawamo."

Miezi yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa jibu baya. Kwa hili sikujiandaa. Nilianza kulia, nikataka kumshika mkono, nikadhani mambo yote sasa yamefunguka. Yeye hakuwa amemaliza.

"Wakasema, 'Basi yenye watu ni ipi? Wewe ndiye unayewajua.'" Akausogeza mguu ndani ya ndoo. "Nikanyoosha mkono."

"Kwa Bi Echati."

"Ilikuwa ndiyo inayofuata."

"Kwa nini sisi, na si yeye? Kwa sababu ya Mama?"

Nadhani alitafuta jibu zuri. Niliona akilitafuta. "Hapana," akasema. "Nyumba yenu ilikuwa ya kwanza. Tungeingia mtaa ule kwa upande wa pili, ningesema ya kwake ndiyo tupu."

Madamu alirudi na kitambaa. Maji yalikuwa yameshajaa, boti lilikuwa moja, na mwenye kulijua alikuwa Jaovelo. Tukampakia, akaendesha akiwa amekaa, mguu umefungwa kitambaa kilichotariziwa maua. Safari hii nilikaa nikimtazama. Ile hofu ya miezi ilikuwa imeniondoka, kweli, kama jino lililong'olewa, na mahali pake nilihisi kitu ambacho hakina pa kukimbilia: kwamba ninapumua kwa kidole cha mtu kilichonyooshwa upande mwingine. Madamu alidhani naumwa. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaachia ukingo wa boti kwa mkono mmoja, akanishika bega.

Jaovelo hakurudi kazini. Mguu ulipopona aliondoka Nosy Be, na sikusikia habari zake tena. Nilimweleza Shangazi yote, naye akasema jambo moja tu: "Mama yako asijue." Niliendelea na Madamu hadi mwisho wa mwaka, nikajaza chupa na madaftari, na yeye ndiye aliyeniandikia barua iliyonifungulia shule Ngazidja, na baadaye chuo Unguja, ambako nimefundisha elimu ya viumbe maisha yangu yote ya kazi. Huko ndiko nilikojifunza kuandika kwa lugha hii. Maneno ya mwaka ule yalisemwa kwa Kimalagasi na kwa Kingazidja, nayo kwa Kiswahili yananiuma pungufu kidogo.

Mama nilimkuta mzima huko Ngazidja. Katika nyumba aliyopewa na ndugu, alipenda kuwasimulia wageni jinsi Mungu alivyowapiga upofu wale watu, wakasimama mlangoni kwetu wasituone. Kila Alhamisi alimsomea Bi Echati Yasini. Nilisikiliza hadithi ile kwa miaka kumi na tisa na nikaitikia panapostahili kuitikiwa. Mara nyingi niliukaribia ukweli kama mtu anavyokaribia ukingo wa maji, kisha nikarudi. Mwaka aliougua, alinishika mkono siku moja baada ya alasiri, hakukuwa na mgeni wala msomaji, akaniuliza, "Mariamu, wewe umesoma. Walikuwa wamefika kwetu. Kwa nini walituacha wakaenda kwa Echati?"

"Sijui, Mama," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu, kuliko mgonjwa anavyoweza kumtazama mtu. Kisha akaachia mkono wangu, akaniambia nimletee maji ya kutawadha.